Mechthild Roters na Jina la Nyumba ya Averkolk

Na Walburga Nienaber, Maabara ya Mapokezi

Bi Mechthild Roters anastaafu tarehe 30 Septemba mwaka huu wa 2018, baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Maziwa wa Sünderloh kwa miaka thelathini na sita, yote akiwa kwenye usukani wa lori la tangi. Tutamuaga Ijumaa baada ya zamu ya mchana, katika chumba cha kulia. Kutakuwa na kahawa, keki ya siagi, na pombe kali ya nafaka kwa wasioendesha gari. Ofisi iliniomba niandike wasifu wa ukurasa mmoja wenye uchangamfu. Uchangamfu nimejitahidi. Ukurasa mmoja umenishinda.

Mechthild ni mzaliwa wa hapahapa, binti wa fundi wa paa. Alipoomba kazi mwaka 1982 alikuwa mwanamke wa kwanza kuomba lori, na mkuu wa usafiri wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

“Binti, ule mpira wa kunyonya maziwa unauburuta kwenye tope. Utauweza?”

“Nimelelewa na kaka watano,” akajibu. “Wote nimewaburuta.”

Akapewa njia ya kusini, iliyokuwa ikikimbiwa na wanaume kwa sababu ya barabara zake nyembamba, mitaro pande zote mbili na mbwa wasio na adabu. Mbwa aliwatuliza kwa vipande vya soseji. Majira yale ya theluji nzito, umeme ulipokatika na nguzo kulala barabarani, alifunga trekta mbele ya lori akapita shamba kwa shamba, wala hapakumwagwa maziwa ya mkulima hata mmoja. Aliwahi kumsaidia ng’ombe kuzaa ndama akiwa amevaa sare ya ushirika, kisha akaja nayo hivyohivyo maabara na kunikabidhi sampuli, na mimi nikatapika kwenye sinki. Hajawahi kugonga kitu isipokuwa gari la mke wa meya, na kuhusu hilo wapo wanaosema alilenga. Kitu pekee anachokiogopa ni bata bukini. Akiwaona hufunga dirisha na kusubiri mtu aje kuwafukuza.

Mimi hupokea sampuli zake. Kila chupa huja na jina la shamba, na hapo ndipo habari ninayotaka kuisimulia ilipoanzia.

Kwa ajili ya wageni wetu kutoka makao makuu, neno moja kuhusu majina. Kwetu nyumba ndiyo yenye jina, watu hulikuta humo. Zamani mwanamume aliyemwoa binti wa shamba aliliacha jina la baba yake mlangoni pamoja na viatu vya tope, akaingia ndani akiwa mtu wa jina jipya. Mjane akiolewa tena, mume mpya alirithi jina la marehemu, na kiti chake, na koti lake la kwendea kanisani. Serikali ilikuja kukataza mambo hayo zamani za babu wa babu zetu, ikataka kila mtu ashike jina la baba yake. Tuliitikia, tukatia sahihi, kisha tukaendelea kuitana kwa majina ya mashamba.

Jina la Averkolk lilianza hivyohivyo. Kolk ni dimbwi lenye kina linalobaki pale mafuriko yalipobomoa ukingo na kuichimba ardhi. Ukitoka kijijini, nyumba ile iko ng’ambo ya dimbwi, na kwa lahaja yetu ng’ambo ni “aver”. Basi. Hakuna uchawi katika jina lenyewe. Maji ni meusi, na bata bukini hawatui pale, jambo ambalo Mechthild alilihesabu kuwa ni heri.

Majina yetu mengine yamesafiri. Akina Schürkötter wamejaa hadi Berlin, na ukirusha jiwe mjini Münster litampata mtu anayeitwa Lensing. Averkolk halikusafiri. Msimu wa baridi uliopita nilitafuta kwenye kompyuta ya maabara ile ramani inayoonyesha jina fulani lina watu wangapi na wanakaa wapi. Ujerumani nzima ilikuwa nyeupe, ila nukta moja tu, kwetu. Nikatafuta Uholanzi. Nikatafuta Amerika, walikohamia nusu ya jamaa zetu. Hakuna mtu. Waliozaliwa ndani ya jina hilo wakaondoka, hawakudumu nalo: mabinti waliolewa, na wana hawakupata watoto.

Mwalimu mstaafu wa kijiji, aliyeandika kitabu cha historia ya parokia, aliniambia kwamba tangu jina lile lianze kutajwa halijawahi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kila mara lilimwangukia mtu aliyeingia kutoka nje: mkwe, mjane, mtumishi, yatima. Nikamuuliza mbona habari hiyo haimo kitabuni.

“Nilitaka kumaliza kitabu, Walburga,” akasema, “na pale napita kila siku na baiskeli.”

Habari za picha ni Mechthild aliyeniambia. Katika ukumbi wa nyumba ile zimetundikwa picha za wenye shamba waliopita. Kwamba hawana damu moja, nyuso zenyewe zinasema: huyu pua ndefu, yule uso wa mviringo, mwingine mwekundu wa nywele. Lakini wote wamesimama namna moja. Kiganja cha kushoto kimebandikwa kwenye nguzo ya lango, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza majirani wakiongea nyuma ya ukuta. Na mwenye shamba wa siku zile, mzee Klemens, ndivyo Mechthild alivyomkuta amesimama kila asubuhi alipoingia na lori.

“Labda mpiga picha aliwapanga,” nikamwambia.

“Wote? Na huyu Klemens alfajiri anapangwa na nani, ng’ombe?”

Klemens hakuzaliwa Averkolk. Alikuja baada ya vita, mtoto wa miaka tisa kutoka Silesia, mashariki huko, peke yake, jina lake Pawelke. Bibi Averkolk wa wakati ule, mjane asiye na mtoto, alimchukua stesheni akamlea, na baadaye akamwasili kisheria, akampa shamba na jina. Alikula kwa mkono wa kushoto, kama marehemu bibi. Lahaja yetu aliisema kutushinda sisi wenyewe. Ukimuuliza habari za Silesia alisema amesahau. Mkewe alikufa mapema, watoto hawakujaliwa, na uzeeni alibaki na ng’ombe wachache, maziwa yao kidogo kiasi kwamba kila mwaka makao makuu yaliuliza kama yanastahili dizeli ya lori. Kila mwaka Mechthild aliwajibu kwamba njia inapita pale hata hivyo. Njia haipiti pale. Alikuwa anazunguka.

Sasa nieleze kosa la Egbert. Kwetu mwenye shamba akifa, jirani wa kwanza, yule wa nyumba ya karibu zaidi, ana kazi zake. Husimamisha saa ya ukutani, huwaita wabeba jeneza, kisha huingia bandani, humgusa kila ng’ombe na kumwambia: bwana wako amekufa, bwana wako mpya ni fulani. Wasipoambiwa, mifugo hukonda. Wenye elimu zao hucheka, lakini hata daktari wetu wa mifugo, akiitwa penye msiba, swali lake la kwanza ni kama wameambiwa.

Machi mwaka jana Klemens alianguka ghalani. Gari la wagonjwa likamchukua, na kabla halijafika barabara kuu kijiji kilikuwa kimeshamzika. Egbert Schürkötter, jirani wa kwanza, mtu mwema asiye na subira, aliipata habari dukani kwa mwoka mikate. Akavua kofia, akaenda moja kwa moja bandani. Bwana wako amekufa, akamwambia kila ng’ombe. Ilipofika sehemu ya pili akakwama. Mrithi hakuwepo. Wakati huohuo lori likaingia uani. Egbert alisikia breki, na jina lililomjia mdomoni ndilo alilolitaja: bwana wenu mpya ni Mechthild.

Klemens hakuwa amekufa. Alirudi kwa teksi, ana fimbo na ana hasira.

“Nani kakwambia nimekufa, we Egbert?”

“Kila mtu, mzee. Hata keki ya matanga ilishaagizwa.”

“Si ungesubiri kwanza!”

“Mimi ningesubiri, ng’ombe je? Na sasa unataka nikawaambie nini? Kwamba nilikuwa natania?”

Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Maneno ya kuwaambia ng’ombe yanajulikana. Maneno ya kuwaambia kwamba haikuwa kweli hakuna aliyewahi kuyahitaji, kwa hiyo hayapo. Klemens aliingia bandani na ng’ombe aliowalea mwenyewe wakarudi nyuma mpaka minyororo ikakaza. Maziwa yakakata. Yakawa yanatoka siku za lori tu, na Mechthild akiwa amesimama mlangoni. Sampuli zile nilizipima mimi. Zilikuwa safi, mafuta ya kutosha, hazina kasoro. Ila zilikuwa vuguvugu, ingawa zilitoka kwenye tangi la kupozea, na chupa za mashamba mengine kwenye kreti hiyohiyo zilikuwa baridi. Nilibadilisha kipimajoto. Zikabaki vuguvugu.

Klemens naye akaanza kubadilika, na siyo kwa ugonjwa. Siku moja Mechthild alimkuta anakula supu kwa mkono wa kulia. Siku nyingine alikuwa anaimba, kwa lafudhi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia kinywani mwake. Akaulizia mkate uliolowekwa maziwa na kujazwa mbegu za popi, kama mama yake alivyoupika sikukuu ya Krismasi. Akataja mtaa wao, na duka la viatu lililokuwa kwenye kona. Langoni hakusimama tena. Alikaa kwenye benchi, jua usoni.

“Nimelala,” alimwambia Mechthild. “Nimelala usingizi wa mtoto. Kumenyamaza.”

“Kumenyamaza nini, mzee?”

“Wale wa huko majini. Walikuwa wanaitana.”

“Wanaitana vipi?”

“Kwa jina. Wote jina moja, na wote wanaitika.”

Mechthild alinisimulia hayo akicheka, amekaa juu ya meza yangu ya maabara akila tufaha, na mimi nikacheka naye. Kisha nikaona tufaha liko mkono gani, nikaacha kucheka.

Juni ile nilimkuta kwenye lango letu, hapa ushirikani, karibu na mzani wa malori. Kiganja cha kushoto kilikuwa kwenye nguzo, na kichwa kimeinama.

“Unafanya nini hapo?”

“Nasubiri mzani.”

“Mzani umeshawaka kijani zamani.”

“Ah,” akasema, akapanda lori.

Nasema wazi kwamba niliogopa. Mimi siyo mtu wa mizimu. Nimefanya kazi na mizani na vipimo tangu ujana, na jambo lisilopimika huwa silipi nafasi. Lakini Mechthild ni rafiki yangu, tumekaa benchi moja tangu darasa la kwanza, na sikutaka kumkabidhi kwa dimbwi. Nikaenda kwa mkuu wa usafiri nikamwomba ambadilishie njia. Nilimwambia ni mgongo, ule mpira ni mzito kwa umri wake. Mkuu wetu ni muungwana, akampa njia ya kaskazini yenye lami pana na mashamba makubwa. Mechthild hakubisha.

Kwa siku chache akawa yule wa zamani. Alinitania kuhusu nywele zangu, akafunga dirisha kwa sababu ya bata bukini. Huku ng’ombe wa Averkolk wakilia. Upepo ukivuma kutoka kusini tuliwasikia hapa, wakati wa mapumziko ya kahawa, na watu wazima walitazama chini vikombeni. Mwishowe Egbert alikuja ofisini, kofia mkononi, macho mekundu.

“Bi Roters, nakuomba. Mmoja ameshalala chini, hanyanyuki. Nilikosa mimi, wao wamekosa nini?”

Nikamvuta Mechthild hadi kwenye chumba cha chupa, nikafunga mlango.

“Usiende. Ng’ombe watauzwa. Nyumba itabomolewa, basi, itakuwa imekwisha.”

“Jina nalo litakwisha.”

“Na likiisha? Litamuuma nani?”

Akainamisha kichwa upande, na mimi nilijua hafikirii jibu, anasikiliza.

“Wengi,” akasema.

“Mechthild, hilo siyo jukumu lako. Umefanya kosa gani wewe?”

“Nilipiga breki pale, Walburga.” Akanishika bega. “Halafu tazama Klemens. Jina limemwachia, na yeye yupo, mzima, anaimba. Kumbe mtu hapotei. Anawekwa kando tu.”

“Amewekwa miaka sabini!”

“Mimi sina sabini,” akasema, na akacheka kile kicheko chake kikubwa, cha kweli kabisa, na mimi nikalia.

Akarudi njia ya kusini. Ng’ombe aliyelala akasimama jioni ileile. Vuli Klemens akaanza taratibu za kumwasili Mechthild, kwa kuwa sheria yetu inaruhusu mtu mzima kuasiliwa na mtu mzima, na mwasiliwa huchukua jina la mzazi mpya. Hakimu alimuuliza kama kweli kati yao kuna uhusiano wa mzazi na mtoto. “Upo,” akasema Klemens, “hata juzi amenikatalia sigara.” Tangu Mei, kwa sheria, dereva wetu ni Mechthild Averkolk. Niliifungua ile ramani tena, na ile nukta ilikuwa bado moja, mahali palepale.

Klemens sasa anakaa katika nyumba ya wazee mjini. Mlangoni mwa chumba chake ameandika Pawelke. Anacheza karata, anadanganya kwa mkono wa kulia, na ameahidi kuja Ijumaa na sahani ya ule mkate wa mbegu za popi kwa wote. Sijawahi kumwona mtu wa miaka themanini na mmoja akiwa kijana namna ile. Namfurahia kwa moyo wangu wote, na wakati mwingine siwezi kumtazama.

Mechthild anahamia ng’ambo ya dimbwi Jumatatu, siku ya kwanza ya kustaafu kwake. Mizigo imeshafungwa. Dereva mpya wa njia ya kusini ameonyeshwa mashamba yote, mbwa wote na mahali pa kuegesha. Lori ameliacha safi kuliko alivyolikuta.

Wiki iliyopita nilimwona anakatiza uwanja kuelekea mlangoni. Nilitaka kumuuliza anapenda keki ya aina gani. “Mechthild!” nikaita. Hakusimama. Nikaita tena, kwa nguvu, na wapakiaji wakageuka, na katibu akachungulia dirishani. Yeye aliendelea kutembea polepole. Ndipo kipaza sauti cha mlango wa pili kikasema, “Averkolk, gati lako la kupakulia liko wazi,” na papo hapo akainua mkono.

Kwa hiyo, Mechthild, haya ni kwako. Ushirika unakushukuru kwa kila lita uliyoileta salama, kwa theluji, kwa yule ndama, na kwa kuifanya njia ya kusini ipite mahali ambapo haikupita. Mimi nakushukuru kwa mambo ambayo hayafai kuchapishwa. Uwe na uzee mrefu, magoti yasiyouma, na asubuhi ambazo hakuna saa ya kukuamsha. Ijumaa, keki ikishakatwa, wapakiaji, madereva, maabara na ofisi tutasimama nyuma yako na kuita kwa sauti moja, Mechthild Roters. Tumeshakubaliana: hakuna atakayeondoka. Tutaita mpaka ugeuke.